Mke Mwenzangu wa Mpulungu

Katonga, Kigoma
17 Januari 1999

Kwa mke mwenzangu Elida,

Pokea salamu za nyumba nzima, nzito kama gunia la dagaa wabichi. Sisi huku wazima. Mume wetu, Babu yako Feliksi, hajambo, ila masikio yamezidi kuziba, na siku hizi nikimgombeza anatabasamu tu. Anauliza mke mdogo atarudi lini, maana huyu mkubwa ana kelele. Mvua imetuonea wiki hii. Tumeanika dagaa mchangani asubuhi, mchana tunakimbizana na mawingu na mabeseni kichwani. Waliolowa tumewapa bata.

Haya, sasa nikuulize lililonifanya nishike kalamu, na kalamu yenyewe unajua inanichosha vidole. Umezalisha wangapi? Tangu meli iliyokuchukua ipotelee kule kusini, Katonga nzima inajua mjukuu wa Klementina yuko Zambia anazalisha wanawake. Nimewaambia wauza samaki, nimewaambia wanakwaya, nimemwambia hadi padri. Jirani yetu Veneranda, na ule mdomo wake uliokaa upande, akasema, "Mwanafunzi wa mwaka wa pili anazalisha nani?" Nikamwambia subiri barua, utaona. Kwa hiyo niletee mtoto hata mmoja, na jina lake na uzito wake.

Baba yako hajalainika. Nikodemu ni mwanangu, nimemzaa mwenyewe, lakini kichwa chake sijui alikitoa wapi. Bado anasema kujitolea ni kufanyia kazi watu wasiokujua hata jina. Ameapa ukirudi kabla ya Agosti, habari ya chuo imekwisha, unakaa nyumbani unangoja kuolewa. Na chuo chenu cha uuguzi nacho kimesema anayekatisha mazoezi anarudia mwaka. Basi ni Agosti au basi tena. Mimi nimekuwekea dhamana kwa mdomo wangu, na unaujua mdomo wangu, sijawahi kuurudisha nyuma.

Neno la mwisho. Usisahau kuamkia watu. Nilisikia kule chuoni wenzako wanakucheka ukipiga magoti na makofi kama tunavyoamkia sisi Waha. Waache wacheke, meno ni yao.

Mimi mke mkubwa,
Klementina


Zahanati ya Kijiji, Mpulungu, Zambia
9 Februari 1999

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mume wetu, mwambie mke mdogo anamwota, hasa akiona ugali. Huku wanauita nshima, ni ule ule, ila wanatulia nao kuliko sisi. Dagaa ulionipa nilikula na wenzangu na wakaisha siku ya kwanza. Tuko watatu kutoka chuoni: mimi, Christina wa Moshi, na Japhet wa Dodoma, ambaye hakuwahi kuona maji mengi hivi na bado anayatazama kama yatamfuata kitandani.

Zahanati ni ndogo, iko juu kidogo ya ufuko. Ziwa ni lile lile letu, Bibi. Asubuhi nikilitazama najisemea, haya maji nikiyafuata tu nitafika Katonga. Muuguzi mkuu anaitwa Sista Mwape. Si mtu wa maneno, lakini hakuna kinachompita. Akina mama wa kijiji wanamwogopa na kumpenda, kama watu wanavyokuogopa na kukupenda wewe.

Kazi ipo. Najifunza mengi. Habari ya kuzalisha nitakueleza barua nyingine, maana karatasi inaisha.

Kuhusu kuamkia, Bibi, hapa mambo ni ya haraka. Unasema "habari", unaendelea. Muuguzi akipiga magoti kwa kila mgonjwa jua litazama hajatoa dawa. Usikasirike.

Nisalimie baba. Mwambie niko vizuri.

Mjukuu wako,
Elida


Katonga
7 Machi 1999

Mke mwenzangu,

Barua yako imefika, tumeifurahia. Nimeisoma kwa sauti ili mume wetu asikie, na majirani wamesikia bure. Huku wote wazima. Mbuzi wa Babu amezaa mapacha, kwa hiyo hata mbuzi ana habari za uzazi kukushinda wewe. Umeandika pande mbili za karatasi na sijaona mtoto hata mmoja! Karatasi inaisha kwenye nshima na Japhet wa Dodoma, na pale tunapopangojea hakuna kitu. Veneranda aliniuliza, nikamwambia amezalisha mapacha. Walikuwa wa mbuzi, lakini hakuuliza wa nani.

Sasa sikiliza, mimi si mtoto. Ulipokuwa mdogo ukivunja kitu ulikuwa unaniambia habari za shule. Na barua hii ni ya namna hiyo hiyo. Kuna nini huko?

Na lile la "habari, unaendelea" limenikaa kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Unasemaje habari na mtu hujamshusha roho? Lakini haya, nyie ndio wasomi.

Kigoma imejaa. Mitumbwi inaingia kutoka vitani Kongo usiku na mchana, watu wanashuka na magodoro na masufuria, wanapangwa mistari, wanapelekwa kambini. Unga umepanda. Kuni ndiyo usiseme. Wanapita hapa Katonga na mimi nageuza dagaa wangu, siwatazami. Nitawasaidia nini mimi? Serikali ipo. Wewe huko una bahati, unahudumia wanakijiji wenye kwao.

Baba yako alipita Jumapili. Hakukuuliza, lakini alisimama kwenye picha yako ya kipaimara muda mrefu akijidai anatafuta kiberiti.

Wako,
Klementina


Mpulungu
28 Machi 1999

Bibi,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima, na Babu pia. Mimi mzima.

Si kweli kwamba nahudumia wanakijiji tu. Wiki hizi wakimbizi wameanza kushuka hapa pia, wanatoka Kongo, upande wa Moba. Wanakuja wengi, wamelala ziwani bila chakula, na wengine wanafika wagonjwa. Turubai limefungwa nyuma ya zahanati kwa ajili yao. Mimi nimepangwa huko.

Bibi, nikuulize kitu. Nikirudi mapema, utanipokea? Usimwambie baba kwamba nimeuliza.

Sina zaidi.

Elida


Katonga
18 Aprili 1999

Elida,

Leo sina salamu. Haya, zipo, Babu anakusalimu, na hajui lolote kwa sababu nimemficha.

Pastory, yule baharia wa meli niliyempa dagaa akuletee, amerudi. Alifika hapa mchangani saa ya kazi, watu wote tupo, akaanza kuhadithia bila kuulizwa. Eti hakuthubutu kukukaribia, mfuko wa dagaa aliuacha mlangoni. Eti alikuona umevaa gambuti na aproni ya nailoni, umebeba ndoo ya uchafu wa watu wa kipindupindu unaenda kuimwaga shimoni. Akasema, "Mjukuu wako hajazalisha mtu, Mama Nikodemu, yeye ni wa ndoo." Mbele ya Veneranda! Veneranda alicheka mpaka akakaa chini, juu ya dagaa wangu.

Niliokota mabeseni yangu nikaenda nyumbani. Kichwa kiliniuma siku nzima.

Lakini sikiliza kilichoniuma, maana najua unadhani ni ndoo. Mama yako alipofariki ulikuwa hujaanza kutambaa. Mwaka ule ule ukaharisha mpaka macho yakazama ndani, ukawa unalia bila machozi. Nani alikuwa anamwaga? Nani alikuwa anafua matambara ziwani na kurudi mbio kabla hujaamka? Ulinichafua mimi, ulichafua kitanda cha Babu, ulichafua kitenge changu cha Pasaka. Nilisikia kinyaa? Nilikuwa nafurahi kila ukichafua, maana aliyekufa hachafui. Na leo kazi hiyo hiyo unaionea aibu mbele yangu mimi!

Kinachoniuma ni kwamba umenificha. Mke mwenzangu mzima, unaniandikia nshima.

Ukitaka kurudi, rudi. Baba yako niachie, nitapambana naye, nimempiga viboko huyo alipokuwa hajui hata kukimbia. Mwaka utaurudia hata kama ni kwa dagaa wangu. Lakini urudi kwa sababu umechoka. Usirudi kwa sababu ya Veneranda.

Jibu upesi. Silali vizuri.

Klementina


Mpulungu
25 Aprili 1999

Bibi yangu,

Shikamoo sana. Barua yako ya mwezi huu sijaipata, wanasema meli bado iko njiani, kwa hiyo sijui umeandika nini. Lakini mfuko wa dagaa niliukuta mlangoni umesimama peke yake, nikajua Pastory alifika akaniona. Basi najua na wewe umeshajua. Niseme mwenyewe yaliyobaki.

Sijazalisha hata mtoto mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili haruhusiwi. Toka nifike nilikuwa nasugua mabeseni, na wakimbizi walipokuja nikapewa ndoo. Vitanda vya kipindupindu vina tundu katikati, Bibi, ndoo inakaa chini yake, na mimi ndiye wa kuitoa, kuipima, kuitia klorini na kuirudisha. Asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa nakuwaza ukijisifu kule Katonga, na nilikuwa nalia kwa aibu, nanawa, naendelea.

Siku moja nikaona imetosha. Nilifunga mkoba wangu. Nilipanga nikimaliza ndoo ile moja niende kwa Sista Mwape nimwambie narudi nyumbani.

Sasa siku hiyo alikuwa ameshushwa bibi mmoja kutoka Moba, anaitwa Feza, pamoja na mkwe wake na wajukuu, wote wanaharisha. Chupa za dripu zilikuwa chache, tuliziweka kwa waliozimia. Wengine ilikuwa ni kunywa ule mchanganyiko wa chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe. Bibi huyo hakutaka. Ameketi kwenye mkeka, uso kwenye turubai. Na mkwe hawezi kunywa kabla ya mkubwa wake, unajua adabu hiyo, na watoto wanamtazama mama yao. Christina akasihi. Japhet akapaza sauti kama anaongea na kiziwi, "Mama, kunywa! Utakufa!" Bibi hakugeuza hata shingo.

Mimi nilikuwa napita na ndoo yangu. Nikaona mikono yake ameilaza mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama unavyokaa wewe ukikasirika. Bibi, sijui kilichonipata. Nikaweka ndoo chini, nikavua glovu, nikanawa, nikapiga magoti kwenye tope lile la klorini, nikainamisha kichwa nikapiga makofi polepole kama ulivyonifunza. "Mwakeye, Bibi. Mwakeye." Kiha hakijui. Lakini makofi aliyajua! Aligeuka, akanitazama sana, akainua mikono yake akaitikia kwa makofi, dhaifu, hayasikiki. Nikamwuliza habari za safari, za ziwa, za nyumba aliyoiacha, za wajukuu mmoja mmoja. Akanijibu yote kwa Kiswahili chao kile kizuri.

Halafu akasema, "Mtoto wangu, tangu tushuke mtumbwini tumehesabiwa, tumepangwa mistari, tumenyunyiziwa dawa. Hakuna mtu aliyetuamkia. Nikasema, hawa wanatuona tumeshakufa, basi maji ya nini?"

Akashika kikombe, akanywa. Akamtazama mkwe wake. Wakanywa wote, Bibi, mpaka nikawa nakimbia kuchota. Mjukuu mdogo kabisa alikuwa amechelewa, alitutoka jioni ile, na nitamkumbuka maisha yangu yote. Lakini wengine wamepona. Nimewaona wakitembea kwa miguu yao.

Niliposimama nikamkuta Sista Mwape nyuma yangu. Nikajua nitagombezwa, ndoo imesimama na wagonjwa wanangoja. Akawaita wenzangu, akasema kuanzia leo hakuna kumpa mtu kikombe kabla hajaamkiwa. Akaniambia niwaonyeshe. Huku kaskazini mwa Zambia kwao nao huamkia kwa makofi, na yeye mwenyewe, alisema, alikuwa ameacha kwa sababu ya haraka. Ungemwona Christina wa Moshi amepiga magoti! Makofi yake kama anafukuza kuku, lakini wagonjwa wanacheka, wakicheka wanakunywa.

Mkoba nimeufungua. Ndoo bado ni zangu, na siku hizi nazibeba mbele ya yeyote. Nasema wazi, Bibi, najivunia. Nilidanganya kwa kunyamaza, nisamehe.

Bibi Feza anakusalimu. Anasema siku hizi mimi ni mke mwenzake.

Elida wako


Katonga
11 Julai 1999

Kwa mke mwenzangu, Muuguzi Elida wa Mpulungu,

Salamu nyingi, na zote ni za kweli. Mume wetu mzima, mbuzi wazima, mapacha wao wamekula shuka. Nimepata barua yako ya Aprili, na ile fupi ya Juni uliyoniambia umeipata yangu ya hasira ukacheka na kulia. Sikujibu haraka kwa sababu kila nikianza kuandika machozi yanaharibu wino, na mimi si mtu wa kulia ovyo, unajua.

Kwanza, huyo Feza mwambie nimefurahi amepona, ila mume wetu ni mmoja, ni mzee, na hatoshi hata kwa sisi wawili.

Barua yako nilimsomea baba yako. Akaichukua, akaenda nayo uani, akaisoma mwenyewe, akarudi macho mekundu, eti moshi. Moshi wa wapi, na jiko nilikuwa sijaliwasha! Juzi nilipita bandarini nikamsikia kwa masikio yangu anamwambia Pastory, "Huyo wa ndoo uliyemwona ni binti yangu." Alisema kwa sauti, mbele ya wapagazi. Pastory aliinamisha kichwa. Habari ya kuolewa haijatajwa tena hapa.

Na mimi nilikwenda mchangani, nikasimama katikati ya dagaa, nikawaambia wote: "Nilijisifu uongo. Mjukuu wangu hajazalisha hata mtoto mmoja. Anabeba ndoo za wenye kipindupindu, anawapigia magoti, na watu wanapona. Mwenye mjukuu kama huyo amlete tumwone." Veneranda alikuwa mbele. Safari hii hakukaa chini.

Haijaisha. Wiki iliyofuata mtumbwi uliingia hapa hapa Katonga, kutoka ng'ambo, kabla watu wa kuandikisha hawajafika. Wakashuka wanawake, wamelowa, wamekaa mchangani wanatazama chini. Mimi nikawa nageuza dagaa wangu kama kawaida. Mkono ukakataa. Nikasema moyoni, Klementina, mjukuu wako anapiga magoti kwenye tope huko, wewe unageuza samaki?

Nikaenda. Mbele yangu alikuwa msichana na mtoto mgongoni, umri wako hasa. Kwetu mdogo ndiye anayemshukia mkubwa, hilo unalijua, na mimi sijapata kumpigia goti mtu niliyemzidi umri tangu nizaliwe. Nilipiga magoti, Elida. Mifupa ililia, watu wakaguna. Nikapiga makofi nikamwamkia. Yule msichana akaanza kulia, na wenziwe wote, na mimi nikawamo. Nilipogeuka kutafuta wa kuninyanyua nikamkuta Veneranda naye yuko chini, anapiga makofi kwa yule wa pembeni, na mdomo wake ule ule. Uji tulipika pamoja, kwa kuni zangu. Hao mwanzoni niliandika vibaya juu yao, na maneno yale uyafute.

Sasa la mwisho. Baba yako amesema siku ya meli yako ya Agosti atakuja bandarini. Ameshalipeleka koti lake la Krismasi kwa fundi. Babu naye anakuja, hata kama hatasikia honi. Najua wewe ukishuka utataka kuniamkia kama nilivyokufunza. Usithubutu. Siku hiyo moja wewe simama wima na mkoba wako, watu wa Kigoma wakuone vizuri, na mimi mke mkubwa ndiye nitakayekupigia magoti na makofi pale pale gatini, na baba yako akitazama.

Magoti yakikataa kuinuka, utaninyanyua wewe. Si ndiyo kazi yako?

Klementina